Maisha ya Émile Baudot, Mwana wa Mkulima wa Magneux

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka kurasa hizi za wasifu huwa za akina Shaaban Robert, Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi na mashujaa wengine wa aina yao, na hiyo ni haki yao wala sina ugomvi nao. Leo nimewaletea mtu ambaye pengine hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumsikia, ilhali jina lake limelala ndani ya tarakilishi zetu pale karibu na maabara, na linaamka kila mtu anapoandika amri fulani ya herufi nne. Amri yenyewe nitawaambia baadaye. Kwanza tumjue mwenyewe.

Jean-Maurice-Émile Baudot alizaliwa tarehe 11 Septemba 1845 katika kijiji cha Magneux, mkoa wa Haute-Marne, mashariki mwa Ufaransa. Babake alikuwa mkulima. Shule aliyosoma Baudot ni ile ya msingi ya pale pale kijijini, basi. Hakwenda sekondari, wala chuo kikuu hakukiona. Alipomaliza alishika jembe akamsaidia babake shambani, na huko alikaa mpaka akawa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Hapa naomba nisimame kidogo. Sisi wa shule ya kutwa tunayajua maneno tunayotupiwa na wale wa mabweni tukikutana nao likizoni, kwamba ati sisi ni masalio. Na ndugu zetu waliokwama Darasa la Nane wanatupiwa makubwa zaidi: huyo amekwisha, apewe ng'ombe achunge. Hebu basi mniambie, yule kijana wa Magneux, mwaka 1868, akiwa na tope miguuni, nani angesema kwamba miaka kumi baadaye angevikwa medali ya dhahabu mjini Paris?

Mwaka 1869 Baudot aliacha shamba akaingia idara ya Posta na Telegrafu ya Ufaransa kama karani mwanafunzi. Labda wengine hamjui telegrafu ni nini, maana sisi tumezaliwa tukakuta simu za mkononi. Telegrafu ni kupeleka maneno kwa umeme kupitia waya. Babu yangu anasimulia kwamba zamani hapa kwetu mtu alienda Posta kupeleka simu, akalipa kwa hesabu ya maneno, kwa hiyo habari nzito za nyumbani zilibanwa zikawa maneno matatu au manne. Pwani yetu iliunganishwa na dunia kwa njia hiyo hiyo mwaka 1879, waya wa chini ya bahari ulipofika Unguja kutoka Adeni. Kwa hiyo si mambo ya Wazungu peke yao haya.

Baudot alifundishwa kwanza alfabeti ya Morse, ile ya nukta na vistari. Karani wa Morse alikuwa fundi kweli kweli, kwa sababu herufi hazilingani urefu: E ni nukta moja tu, nyingine zina alama nne. Mtu asikilize, atambue, aandike, na asikosee. Kisha idara ikampeleka kwenye mafunzo ya miezi minne ya mtambo mwingine, ule wa Hughes. Huo ulikuwa na vibonye 28 vilivyopangwa kama vya piano, na upande wa pili herufi zilijichapa zenyewe kwenye utepe wa karatasi. Gurudumu lenye herufi lilizunguka, na karani alibonyeza, herufi yake ilipofika ikagongwa.

Mtambo wa Hughes ndio uliomkosesha Baudot usingizi. Aliuangalia akaona jambo ambalo wengine waliliona kila siku bila kuliona. Waya ule wa gharama, uliovutwa mamia ya kilomita juu ya nguzo, ulikuwa umelala karibu wakati wote! Umeme ulipita kwa muda mfupi sana, halafu kimya, waya ukingoja gurudumu lizunguke na karani atafute kibonye. Ni kama shamba la ekari mia moja linalolimwa pembeni tu. Mtoto wa mkulima asingevumilia kuona hivyo (haya ni maoni yangu, lakini nayashikilia).

Vita vya Ufaransa na Prusia vikazuka mwaka 1870, naye akatumika jeshini kwa muda mfupi. Mwaka 1872 alirudi Paris kwenye kazi yake ya ukarani. Wakubwa wake walimhimiza aendelee na wazo lake la kupitisha habari nyingi katika waya mmoja. Kumhimiza walimhimiza, lakini afanye kwa wakati wake mwenyewe, baada ya kazi! Si mnajua watu wakubwa walivyo.

Sasa nieleze alichokifanya, na mwenye kuchoka na hesabu avumilie maana utamu uko hapa. Baudot aliamua kwamba kila herufi iwe na alama tano, wala si pungufu wala zaidi, na kila alama iwe moja kati ya mbili: umeme upo au haupo. Chukueni vidole vitano vya mkono. Kila kidole ama kimekunjwa ama kimenyooshwa. Kuna njia ngapi? Mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili, yaani 32. Herufi za Kilatini ni 26, kwa hiyo zinatosha. Lakini tarakimu kumi na alama za mkato je? Ukijumlisha unapita 32. Baudot akatenga alama moja ya kuuambia mtambo kwamba kuanzia sasa zinazokuja ni tarakimu, na nyingine ya kuurudisha kwenye herufi. Mpangilio ule ule wa alama tano ukafanya kazi mbili. Ni ujanja mzuri, ingawa una hatari yake: alama ile ya kubadilisha ikipotea njiani, barua nzima ya mapenzi inafika ikiwa hesabu tupu.

Kwa nini herufi zote zilingane urefu? Kwa sababu zikilingana, mashine inajua herufi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi bila kuwa na sikio la fundi. Na tena muda unaweza kugawanywa. Pande zote mbili za waya, tuseme Paris na Bordeaux, aliweka mkono unaozunguka kwa mwendo ulio sawasawa, ukipita juu ya vipande vya shaba vilivyopangwa duara. Mkono ukiwa kwenye vipande vya karani wa kwanza hapa Paris, kule Bordeaux nao uko kwenye vipande vya mtambo wa kwanza. Ukisogea, zamu ya wa pili. Hivyo makarani wanne, hata sita, walitumia waya mmoja, kila mmoja akidhani ni wake. Ni kama foleni ya mtungi mmoja mmoja kwenye bomba la kijiji, isipokuwa foleni hii inazunguka mara kadhaa kwa sekunde moja na hakuna anayepigana.

Kibao cha karani kilikuwa na vibonye vitano tu, viwili vya mkono wa kushoto na vitatu vya mkono wa kulia. Karani alitakiwa kuukariri ule msimbo wote na kubonyeza vidole vinavyotakiwa kwa pamoja. Lakini asibonyeze apendavyo! Vibonye vilishikwa na mtambo mpaka mkono uwe umepita, kisha vikaachiliwa kwa mlio mdogo, tak, na mlio huo ndio uliomwambia karani aandae herufi nyingine. Mliowahi kuruka kamba mnajua: huingii unapotaka wewe, unaingia kamba inapokuruhusu, na ukichelewa inakupiga miguu. Karani wa Baudot aliruka kamba kwa vidole kutwa nzima, kwa mwendo wa maneno kama 30 kwa dakika.

Mwaka 1874, mwezi wa Juni, Baudot alipata hataza, yaani cheti cha serikali cha kulinda uvumbuzi wake. Idara ikaupokea mfumo wake, na mwezi wa Novemba 1877 ulianza kazi kati ya Paris na Bordeaux. Mwaka 1878 yalifanyika Maonyesho ya Dunia mjini Paris na hapo ndipo alipopata ile medali ya dhahabu niliyoitaja. Mwaka 1882 alikuwa amefika cheo cha mhandisi mkaguzi. Mhandisi, wenzangu, aliyesoma shule ya msingi ya kijijini!

Ningependa niseme kwamba baada ya hapo aliishi raha mustarehe, lakini nitakuwa nawadanganya. Palikuwa na mfanyakazi mwingine wa telegrafu aliyeitwa Louis Victor Mimault. Huyu naye alikuwa ametengeneza mtambo wa kuchapa unaotumia alama tano, na naye alipata hataza yake mwaka ule ule wa 1874. Mwaka 1877 akaenda mahakamani kudai kwamba Baudot amemwibia. Mahakama ya Paris iliwauliza wataalamu watatu wasio wa idara, kisha ikaamua kwamba Mimault ndiye aliyetangulia katika msimbo, na kwamba Baudot aliboresha tu. Hakuna aliyeridhika, hata Mimault mwenyewe. Kesi ikaendelea, na mwishowe uamuzi ule ukatenguliwa, Mimault akaamriwa alipe gharama zote.

Nani alikuwa na haki? Tulibishana sana juu ya jambo hili nilipowasomea wenzangu wa chama rasimu ya makala haya, na kikao kikaisha bila mshindi. Upande mmoja walisema mtu akitangulia ametangulia, hata kwa siku moja. Mimi niko upande mwingine. Wazo la alama tano za aina mbili halikuwa la Mimault wala la Baudot. Mwingereza Francis Bacon alikwisha kulichapisha kitabuni mwaka 1623 kama njia ya kuandika siri, zaidi ya miaka 250 kabla ya kesi. Alichofanya Baudot ni kuunganisha alama tano na ule mkono unaozunguka, na mtambo wa kuchapa, na karani anayefuata mlio, vyote vikafanya kazi kila siku kwenye waya halisi wa watu wanaongoja habari zao. Kigae kimoja si nyumba. Hata hivyo, namhurumia Mimault. Kushindwa kesi ni jambo moja, na kulipishwa gharama juu yake ni jambo jingine.

Baudot mwenyewe hakuwa na afya. Tangu miaka yake ya kwanza katika telegrafu alianza kusumbuliwa na maradhi, mara kwa mara akikosa kazini, safari moja kwa muda wa mwezi mzima, na maradhi hayo hayakumwacha mpaka mwisho. Alichelewa kuoa. Alifunga ndoa tarehe 15 Januari 1890 akiwa na miaka 44. Tarehe 9 Aprili mwaka ule ule mkewe akafariki. Hesabuni wenyewe, hata miezi mitatu haikutimia. Mtu aliyeshughulika maisha yake yote kugawa sekunde ili zisipotee bure alipewa siku 84 za ndoa. Aliendelea na kazi. Alifariki tarehe 28 Machi 1903 huko Sceaux, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 57.

Mtambo wake ulikuwa umekwisha kuvuka mipaka. Uingereza iliutumia kati ya London na Paris mwaka 1897, Ujerumani ikaupokea 1900, Urusi 1904, yaani mwaka mmoja baada ya yeye kuzikwa. Miaka ya 1920, wakuu wa telegrafu wa mataifa walipotafuta jina la kipimo cha mwendo wa alama kwenye waya, walichukua jina lake wakalikata mkia: baud. Alama moja kwa sekunde ni baud moja. Kufupishwa jina si kudharauliwa. Hata Volta na Ampère walifanyiwa vivyo hivyo, wakawa volti na ampia. Mwaka 1949 Ufaransa ikamtolea na stempu ya posta.

Msimbo wake haukubaki kama alivyouacha. Mtu wa Nyuzilandi, Donald Murray, karibu na mwaka 1901 aliupanga upya ili utumike na kibao kama cha taipureta, karani asilazimike tena kukariri vidole. Herufi zinazotumika sana alizipa matundu machache kwenye utepe ili mashine isichakae upesi. Akaongeza pia alama zisizochapa kitu bali zinazoamuru: rudisha mkono wa kuchapia mwanzoni mwa mstari, na sogeza karatasi mstari mmoja. Kutoka hapo zikazaliwa zile taipureta za waya zilizoitwa teletype. Watu wa kampuni ya simu ya Marekani walipotunga mfumo wa Unix mwaka 1969, mashine za kuzungumza na tarakilishi zilikuwa ni hizo hizo teletype, kwa hiyo wakaziita kwa kifupi tty. Jina halikuondoka hadi leo.

Haya, sasa ile amri ya herufi nne: stty. Ni ya kupanga tabia za tty. Muhula uliopita mwalimu wetu wa tarakilishi alileta kitarakilishi kidogo kisicho na skrini wala kibodi, cha kuunganishwa kwa waya na mashine kubwa. Alipounganisha, skrini ilijaa takataka, vijialama vya ajabu ambavyo hata mganga asingevisoma. Baadhi yetu tulianza kucheka kwamba ameuziwa kibovu. Kumbe mashine moja ilizungumza kwa mwendo wa baud 115200 na nyingine ikasikiliza kwa 9600! Mmoja anaruka kamba kasi, mwenzake anazungusha polepole. Mwalimu akausahihisha mwendo, herufi zikatulia kama wanafunzi walioona mwalimu wa zamu.

Lakini haikuwa mwisho. Tulipofungua programu ya kuhariri maandishi, mistari ilipandana, na tukibonyeza mshale wa juu ziliandikika alama badala ya kupanda. Mwalimu akaeleza kwamba mwendo ni jambo moja na aina ya terminali ni jambo jingine. Zamani kila kampuni ilitengeneza terminali yake, na kila moja ilikuwa na alama zake za siri za kufuta skrini au kusogeza kishale. Ili programu isikosee, sheli, yaani ile inayopokea amri zako, inabeba neno liitwalo TERM, na ndani yake limeandikwa jina la terminali unayotumia. Programu inasoma jina, inaenda kwenye orodha iliyohifadhiwa, inatazama terminali hiyo inaelewa alama zipi. Orodha ya namna hiyo ilitungwa mwaka 1978 na Bill Joy, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha Berkeley, Marekani. Kwenye kile kitarakilishi TERM ilikuwa na jina lisilotufaa. Mwalimu akaandika export TERM=vt100, kisha akaiambia stty kwamba skrini ina mistari 24 na safu 80, nayo programu ikanyooka. Hiyo VT100 ni terminali ya kampuni ya Digital iliyotoka mwaka huo huo wa 1978. Sijawahi kuiona kwa macho, ila tarakilishi zote zinajua kujifanya kuwa yeye.

Niliporudi kwenye mashine ya kawaida, isiyounganishwa na waya wowote wa aina hiyo, niliandika stty -a nione itasema nini. Mstari wa kwanza ulisema mwendo ni baud 38400. Nikamuuliza mwalimu ni waya gani huo. Akasema hakuna waya. Dirisha lile ni programu inayojifanya terminali, na mwendo ule haupimi kitu, lakini kwa kuwa tty lazima iwe na mwendo, wameiachia tarakimu isome hivyo. Nikajaribu kuibadilisha iwe 50, polepole kabisa kama mitambo ya zamani. Ikakubali bila ubishi, ikaandika jina la Baudot na 50 mbele yake, na herufi zikaendelea kutoka kasi ile ile.